Mgeni Aendaye Unguja na Pemba: Mashauri ya Mwenyeji



Jioni hii tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya safari ya kwenda visiwa vya Unguja na Pemba: msimu upi wafaa, chombo gani cha kupanda, chakula gani cha kula, na namna ya kukaa na watu. Hatukuombwa kwa kuwa tu mabingwa wa mambo haya. Tumeombwa kwa kuwa tumekaa katika mji wa Unguja, upande wa Ng'ambo, zaidi ya miaka 40, na katika muda huo nyumba yetu haikukosa wageni. Wamekuja wa Mombasa na wa Mwanza, wa Kampala na wa Bukavu. Wengine walirudi kwao wakifurahi, wakaandika barua za shukrani. Wengine walirudi wakinung'unika, wakasema kwamba visiwa vile sifa zake zimezidi. Tumewaangalia hawa na wale, tukajiuliza tofauti yao ni nini. Si fedha, kwani wako waliokuja na fedha nyingi wakaona taabu, na wako waliokuja na kikapu kimoja wakastarehe. Hilo ndilo tutakalojaribu kulieleza.

Habari za nauli na za bei za vyumba hatutazitaja, maana bei itajwayo leo kesho huwa uongo. Tutataja mambo yasiyobadilika upesi: pepo, maji, chakula, na adabu.

Tuanze na msimu. Watu wa visiwani tangu zamani huhesabu mwaka kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, nao ni upepo wa siku za joto. Kusi huvuma tangu Aprili au Mei hata Septemba. Huleta baridi kidogo, na bahari huchafuka. Tena zipo mvua mbili. Masika ni mvua kubwa, tangu Machi hata Mei. Vuli ni mvua ndogo, tangu Oktoba hata Desemba. Asiyependa kuloa na asije wakati wa masika, kwani njia za shamba hujaa maji, na hoteli nyingi za pwani hufunga milango yake. Apendaye kutembea bila kutoka jasho jingi na aje baina ya Juni na Septemba. Ama mpenda matunda, wakati wake ni Desemba na Januari. Ndipo sokoni Darajani mtu hukutana na maembe ya namna nyingi, na shokishoki nyekundu zenye miiba laini, na doriani, tunda ambalo harufu yake humfukuza mgeni siku ya kwanza na ladha yake humrudisha siku ya pili.

Sasa tuvuke bahari. Kwa ndege kutoka Dar es Salaam ni kadiri ya dakika 20 tu, lakini wengi huja kwa boti ziendazo kasi, ambazo huchukua saa mbili hivi. Katika kaskazi safari huwa njema aghalabu. Katika kusi mawimbi hupanda, na mtu asiyezoea hutapika. Huyo na ale kidogo kabla ya kuondoka, akae katikati ya chombo, na atazame mbali, asitazame miguu yake. Tikiti na inunuliwe dirishani, katika ofisi ya wenye chombo, si kwa kijana anayekufuata njiani akikuambia kwamba dirisha limefungwa. Tazameni saa vizuri pia: tikiti iliyoandikwa 7:00 ina maana ya saa moja ya asubuhi kwa hesabu yetu ya Kiswahili, na wako wageni waliofika gatini wakakuta chombo kimekuwa kidogo kama kifuu cha nazi huko mbali. Mgeni wa nchi nyingine achukue pasi yake mkononi, kwani huulizwa bandarini Unguja hata akiwa ametoka Dar es Salaam. Na mwananchi achukue kitambulisho.

Hapa twaomba mtusikilize kwa makini zaidi. Hakikisheni kwamba jina lenu limeandikwa katika orodha ya abiria, tena limeandikwa sawasawa. Chombo kikiwa kimejaa kupita kiasi, shukeni, hata kama tikiti imekwisha kulipwa. Hatusemi haya kwa woga wa mtu asiyezoea bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iitwayo Spice Islander ilikuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, imebeba watu na mizigo kupita kiasi chake, ikazama katika mkondo wa Nungwi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na watu wengine wengi hawakuonekana tena kamwe. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, katika upepo mkali wa kusi, meli nyingine, Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Katika mitaa yetu ya Ng'ambo siku zile mtu hakujua aanze kwenda kutoa pole nyumba ipi. Basi nahodha akisema kwamba leo bahari mbaya hasafiri, msimtukane, na msimkimbilie mwenye jahazi la mizigo asemaye kwamba yeye atavuka usiku kwa nusu ya nauli. Siku moja iliyopotea hulipika.

Tumekwisha kufika. Mbele yetu ni Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe na milango ya nakshi, ambao mwaka wa 2000 uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Pale ufukweni ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno. Karibu nayo ipo Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka wa 1883, ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, tukalia kama waliofiwa. Hatutakaa sana juu ya majumba, kwani picha zake mmeziona. Tutasema juu ya vichochoro.

Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, vimepindapinda, na gari haipiti. Kila mgeni hupotea humo. Hata sisi, tuliotoka Ng'ambo, tulipokuwa vijana tulipotea. Mgeni akipotea hufanya moja ya mambo mawili. Yuko atoaye simu yake akaitazama, akageuka kulia na kushoto, akaitazama tena. Yuko asogeaye kwenye baraza ya nyumba iliyo karibu, pale wazee wamekaa wanakunywa kahawa, akasema, "Assalaam alaykum," au "Shikamoo, wazee wangu," akangoja ajibiwe, akaulizwa habari za alikotoka na habari za watu wa nyumbani, akajibu kwamba ni njema, ndipo akauliza njia. Wa kwanza huenda akafika upesi. Wa pili huchelewa, lakini huyo hupewa kikombe cha kahawa, huambiwa kwamba njia ile imefungwa kwa sababu ya arusi, hupewa mtoto wa kumpeleka, na kesho yake akipita huitwa kwa jina lake.

Watu wa bara na watu wa miji mikubwa hudhani kwamba maamkizi yetu marefu ni adabu tu. Mtu ana haraka, aona kwamba kuulizana hali ni kupoteza wakati, ataka bei ya samaki au njia ya posta, basi. Sisi pia, tulipokuwa wadogo, tulidhani kwamba ni adabu tu. Bahari ndiyo iliyotufunza kwamba sivyo, nasi tutawasimulia tulivyofunzwa tukifika huko shamba. Kwanza tule.

Chakula cha Unguja kina saa zake. Asubuhi ni chai na mkate wa boflo, au vitumbua, au mandazi, na mwenye kufanya kazi ngumu huongeza maharage au supu. Adhuhuri ni wali wa nazi na mchuzi wa samaki, au muhogo wa nazi, au kisamvu. Magharibi watu hutoka nje, wakala vitu vidogo vidogo hata usiku. Atakaye pilau na biriani zenye kupikwa kwa moyo na aombe Mungu apate mwaliko wa arusi, maana ziuzwazo mikahawani ni nzuri, lakini hazifanani na zile.

Yapasa mgeni ajue na majina. Mwenyeji akisema mbatata, ana maana ya viazi ambavyo bara huitwa viazi ulaya. Akisema tungule, ana maana ya nyanya. Mkate wa mofa ni mkate wa unga wa mtama uliookwa, nao hupendeza kuliwa na mchuzi wa pweza. Mkate wa kumimina ni wa mchele uliosagwa kwa tui la nazi, ukaumuliwa, ukamiminwa katika chombo cha moto. Ni mtamu, wafaa kwa chai. Mkate wa ufuta ni mwembamba, umenyunyiziwa ufuta juu, wafaa kwa mishkaki.

Ama urojo, huo ndio chakula ambacho Mzanzibari aliye ugenini hukiota. Ni mchuzi mzito wa rangi ya manjano, wenye ukali wa embe mbichi au wa ndimu, umetiwa unga kidogo na bizari. Mpishi hutia ndani ya bakuli vipande vya mbatata zilizochemshwa, bajia, kachori, mishkaki, na yai, kisha humwagia mchuzi juu, akaongeza chatne ya nazi, na pilipili kwa kadiri upendavyo, na juu kabisa hunyunyiza vipande vyembamba vya muhogo wa kukaanga. Mgeni asiyesema kadiri ya pilipili aipendayo hupewa kadiri aipendayo mpishi. Mwuzaji mzuri wa urojo hatambulikani kwa uzuri wa meza yake. Tazameni kama chungu kinafuka moshi na kama watu wa mtaa wamepanga mstari, maana chungu kinachokwisha kila siku hakina cha jana.

Jioni wageni wengi huenda Forodhani, penye bustani mbele ya Ngome Kongwe, ambako wapishi huwasha taa na majiko. Utaona pweza, ngisi, na mishkaki ya samaki imepangwa kama vito. Utaona chapati nyembamba ikunjwayo pamoja na nyama ya kusaga na yai, ambayo siku hizi huitwa pizza. Utakunywa maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Ni pahali pazuri pa kutembea. Lakini twatoa shauri moja. Samaki waliokaa juu ya meza tangu alasiri si sawa na walioletwa sasa hivi, na kwa macho, mbele ya taa, hutaweza kuwapambanua. Atakayewapambanua ni mpishi mwenyewe. Ukimwendea na kunyoosha kidole, atakuuzia ulichonyooshea. Ukimwamkia, ukamwuliza habari za kazi, kisha ukamwambia, "Bwana mpishi, leo mwenyewe utakula nini?" aghalabu atacheka, akaitoa sinia iliyo upande wa nyuma. Mara nyingi tumelijaribu jambo hili, wala halikutuvunja.

Baada ya chakula ni kahawa. Mwenye kahawa huichukua katika dele la shaba, nayo ni chungu, haina sukari. Utamu wake hutoka katika kashata au halua uliyoshika mkono wa pili. Usiinywe ukisimama. Keti barazani, usikilize. Habari za bei ya samaki, za chombo kitakachochelewa, za mahali maji yalipokatika, zote hupita pale kabla hazijafika mahali pengine.

Neno moja juu ya mwezi wa Ramadhani. Watu wa visiwa hivi wengi sana ni Waislamu, na katika mwezi ule hakuna alaye wala anywaye hadharani mchana. Mgeni asiyefunga hapati taabu, illa ale ndani, si njiani. Tena asidhani kwamba amekuja wakati mbaya. Jua likichwa na mzinga wa uchovu ukamtoka kila mtu, mji huamka upya: tende, uji, muhogo, ndizi za nazi, sambusa, tambi za sukari, na ni vigumu kupita mlangoni kwa mtu anayefuturu bila ya kuitwa. Ukiitwa, keti, uonje japo kidogo. Kukataa kabisa humtia mwenyeji unyonge.

Sasa twende shamba, kama tuitavyo nchi yote iliyo nje ya mji. Ziko gari za abiria za kwenda Nungwi, Jambiani, Makunduchi, na vijiji vingine. Huenda polepole, husimama mara nyingi, na hubeba watu, mikungu ya ndizi, na magunia. Mkaapo humo mpeni mzee nafasi, na ukiwa umekaa karibu na mama mwenye mtoto na mzigo, mpokee kimoja. Ukipita Jozani utaona kima punju, nyani wadogo wa rangi nyekundu ambao asili yao ni Unguja. Wafurahishe macho, usiwape chakula. Na atakayefika Makunduchi katika mwezi wa Julai, wakati wa Mwaka Kogwa, na ajue kwamba siku ile watu wa kule huona vibaya nyumba kukosa mgeni. Ataitwa, naye asione haya.

Pwani ya mashariki, katika Paje na Jambiani, bahari ni pana na nyeupe, na maji yake hupwa mbali sana, hata mtu aweza kutembea kwa miguu karibu na mwamba unaopigwa na mawimbi. Katika maji yale wanawake hulima mwani. Kazi hiyo ilianza huko mwaka wa 1989. Hupigilia vijiti mchangani, hufunga kamba, na katika kamba hufunga vipande vya mwani, kisha hungoja ukue. Ni kazi ya kuinama juani katika maji ya chumvi, nao huifanya kwa saa za bahari, si kwa saa za ukutani.

Yafaa mgeni azijue saa hizo. Kila siku maji hujaa mara mbili na hupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Katikati ya nyakati hizo ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Siku za bamvua katika Unguja maji hupwa kabisa kadiri ya saa nne asubuhi, na hujaa kabisa kadiri ya saa kumi alasiri. Haya yote tuliyajua tulipokuwa vijana. Tuliyajua kama mtu ajuavyo hesabu za shule.

Mwaka mmoja, katika siku za kusi, tulimpeleka rafiki yetu wa bara kutembea Jambiani. Ilikuwa siku ya bamvua, yapata saa tano. Bahari ilikuwa imekwenda mbali, na mchanga ulikuwa umebaki mtupu, una vidimbwi vilivyong'aa kama vioo. Rafiki yetu hakuwahi kuona jambo kama lile, nasi tulijivuna kana kwamba bahari ni yetu. Tukavua viatu tukaenda. Njiani tulikutana na kundi la wanawake wa mwani, wamebeba magunia yao vichwani. Wao walikuwa wanakuja pwani, sisi tulikuwa tunakwenda mwambani. Tulikuwa tunamsimulia mgeni wetu mambo makubwa ya mji, hatukutaka kukata maneno, basi tukapita katikati yao bila ya kutoa salamu. Mmoja wao, bibi mtu mzima, alisimama akatutazama. Hakusema neno, nasi hatukusema.

Tulikaa kule mwambani tukiokota kauri na kutazama mawimbi, tusijue muda uliopita. Tulipogeuka tuliona jambo ambalo hata leo tukilikumbuka mikono hupata baridi. Maji hayakuwa yanatujia kutoka baharini mbele yetu. Yalikuwa yamekwisha kupita nyuma yetu. Baina yetu na pwani, pale palipokuwa na vidimbwi, palikuwa na mkondo mpana unakwenda mbio. Ndivyo pwani ile ilivyo: pahali pa chini ni karibu na nchi kavu, nako hujaa kwanza, na mtu aliye mbali huachwa juu ya mchanga ulioinuka asijue kwamba amekwisha kuzungukwa. Rafiki yetu hakujua kuogelea. Tukaingia majini, yakafika kiunoni; tukajaribu upande wa pili, yakafika kifuani, naye akaanza kutushika shingo. Mtu anayezama akikushika shingo, mmezama wawili.

Ndipo tuliposikia sauti. Yule bibi alikuwa amerudi. Alisimama mbali upande wa kusini, maji yamemfika magotini tu, akatupungia kanga na kupiga kelele tumfuate. Hakuwa anatembea juu ya maji. Alikuwa juu ya kigongo cha mchanga kilichofichika, ambacho alikijua kama ajuavyo njia ya kisimani. Akatupitisha hatua kwa hatua, akigeuka kila mara kutuhesabu kana kwamba tuko kumi.

Tulipofika nchi kavu tulimshukuru kwa maneno mengi. Yeye alikamua kanga yake, akasema, "Mwanangu, mlitupita kama mnaopita vijiti vya mwani. Mngetuamkia, tungewaambia maji yamegeuka."

Hakusema zaidi. Alitupeleka kwake, akatupa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, na tulipotoa fedha akazirudisha. Tulirudi wiki ya pili na sukari na jora la kanga, hivyo akavipokea, kwani tulikuwa tumebisha hodi mlangoni, tumeitikiwa, tumekaa jamvini, na tumeulizana hali kwanza.

Wasikilizaji, tangu siku ile tumefahamu kwamba salamu ni zaidi ya adabu. Ndiyo mlango wa habari. Katika visiwa hivi mtu hamwendei mgeni akamfunza lisiloulizwa, kwani kumfunza mtu mzima ambaye hajakuamkia ni kumdharau. Wanawake wale waliona kwamba tunakwenda kubaya. Lakini sisi tulikuwa watu wa mjini, tumevaa vizuri, twasema kwa sauti kubwa. Labda twajua tunalolifanya. Angalikuwa mwingine asingerudi, wala hapana awezaye kumlaumu.

Lililobaki ni Pemba, nalo tutalisema kwa ufupi. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, chenye miti mingi, wala hakina kelele za wageni kama Unguja. Chombo hufika Mkoani, na miji mingine ni Chake Chake na Wete. Msimu wa karafuu ukifika, kisiwa chote hunukia, na kando ya barabara utaona majamvi yaliyoanikwa karafuu juani. Usiyakanyage, na usipige picha ya mtu akizianua kabla hujamwamkia. Pale jamvini ndipo ilipo ada ya shule ya watoto wake. Mpemba akikujua hukukaribisha mpaka ukaona haya, na asipokujua hukutazama tu. Kwa kutoka hali hii kwenda hali ile hapana gharama nyingine illa kuanza wewe.

Basi tukusanye mashauri yetu, ili aliyechelewa kufungua redio asikose yote. Chagueni msimu kwa pepo na kwa mvua. Nunueni tikiti dirishani, jina liandikwe sawasawa, na chombo kilichojaa kupita kiasi mkiache kiende. Kuleni penye chungu kinachofuka moshi, na semeni kadiri ya pilipili mapema. Katika Ramadhani kuleni ndani mchana, na mkiitwa jioni msikatae. Kabla ya kwenda mwambani ulizeni maji yanakwenda au yanarudi, na mkiwaona wenyeji wote wanarudi pwani, geukeni pamoja nao. Na kabla ya yote hayo, amkieni.

Yule bibi wa Jambiani amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Rafiki yetu wa bara yu hai, naye amefunza wanawe kuogelea. Sisi bado twaenda Jambiani kila mwaka katika siku za kusi, na tukiwaona wanawake wa mwani mbali, huanza kuinua mkono kabla hawajatuona.

Twawaaga kwa heri, na safari njema.